Friza inayeyuka usiku, chini kunapoa vizuri. Ni gesi kweli?

Mama Mbasa, Uyole

Habari za leo wakuu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela ya mtaji.

Nina friji ya milango miwili, friza juu, sehemu ya maziwa na mboga chini. Kompresa, yaani mota, ni moja. Nilikaa nayo Kyela miaka mitatu, na joto la kule mnalijua, lakini chupa ya maji ilikuwa inaganda usiku mmoja. Februari tukahamia huku Uyole, Mbeya. Jiko letu ni dogo, kwa hiyo friji nimeiweka kwenye baraza la nyuma, lile lililozibwa kwa mabati na wavu. Machi, Aprili, Mei haikuwa na shida.

Tangu Juni ianze, kila asubuhi nikifungua friza nakuta samaki wamelegea na maji yenye damu yamechuruzika hadi kwenye mpira wa mlango. Mimi nauza mbasa wa kukaanga jioni, wanaletwa na basi kutoka Kyela mara mbili kwa wiki. Jumanne nimetupa kilo nne. Kinachonichanganya ni kwamba chini maziwa yanapoa vizuri kabisa, na mchana kuanzia kama saa nane nasikia mota inanguruma, friza inashika baridi. Usiku kimya.

Fundi amekuja, ameshika bomba la nyuma, akasema gesi imeisha, nitoe 90,000 ajaze. Hakupima kitu kingine. Nitoe?

Kijana wa Kihesa

Kamwene mama. Anza na umeme. Huku Iringa mtaani kwetu jioni watu wakiwasha majiko taa zinafifia, mota ya friji inajaribu kuwaka, inalia "tik", inazima. Nilipima nikakuta volti 170 badala ya 230. Niliweka friji gadi, kile kifaa cha kuilinda na umeme mbovu, ikatulia.

Mama Mbasa, Uyole

Asante mwanangu. Friji gadi ninayo, taa yake ni ya kijani muda wote, hata alfajiri. Na hiyo "tik" siisikii. Ni kimya tu, kama imechomolewa.

Fundi wa Makambako

Mama, usitoe hiyo hela. Subiri kwanza.

Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya taa kwenye koroboi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka yote ni ile ile. Ikipungua, maana yake kuna tundu, na fundi anayejaza bila kutafuta tundu atarudi kwako baada ya miezi michache. Tena gesi ikipungua mota hailali. Inanguruma usiku na mchana bila kupumzika, kwa sababu baridi inayotafutwa haifiki. Yako inafanya kinyume: inalala usiku kucha. Hiyo ndiyo habari kubwa kwenye maelezo yako.

Sasa sikiliza. Friji nyingi za aina yako zina themostati moja tu, na kihisio chake kiko sehemu ya chini. Friza haina mtu wa kuisemea. Chini kukipata joto, themostati inaamsha mota, na hapo ndipo friza nayo inapata baridi yake. Lakini baraza lako la mabati Juni hii usiku ni baridi lenyewe. Chini hakupati joto, themostati inaona kazi imekwisha, mota haiitwi. Friza inayotakiwa iwe nyuzi 18 chini ya sifuri inabaki kwa muda wa saa saba hadi nane bila kuhudumiwa. Inayeyuka. Kukicha jua likapiga mabati, mota inaamka. Ndiyo maana unaisikia saa nane mchana, na ndiyo maana Kyela hukuona kitu.

Nimekutana nayo Njombe na Makete kila kipupwe, na watu wameuza friji nzima kwa ajili hiyo. Inaniuma sana.

Fungua mlango wa chini, tafuta karatasi iliyobandikwa ubavuni. Kuna herufi: T au ST ni friji iliyotengenezwa kwa chumba chenye nyuzi 16 kwenda juu. N ni 16 pia. SN ndiyo inavumilia hadi 10. Angalia pia kama imeandikwa R600a. Hiyo gesi inawaka moto, asiguse bomba mtu wa kubahatisha.

Dawa ni kuihamishia ndani kwenye joto, lakini kabla hujahamisha, fanya hivi: gandisha maji kwenye kikombe mchana, weka sarafu juu ya barafu, acha usiku. Ukikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka.

Dada wa Soko Matola

Mama, samaki waliolegea usijue tangu saa ngapi usiwagandishe tena wala usiwauzie watu, hata kama hawajanuka. Pole kwa hasara.

Mama Mbasa, Uyole

Nimewatupa wote dada, sikujaribu.

Fundi, karatasi ipo, imeandikwa T. Na R600a ipo nyuma. Nimeazima kipimajoto cha banda la vifaranga kwa jirani, saa kumi na moja alfajiri barazani kilisoma nyuzi 7. Sarafu ya mia nimeikuta chini kabisa ya kikombe. Sebuleni tukifunga madirisha ni 17.

Fundi wa Makambako

Basi umepata jibu. Iingize sebuleni, iache iachane na ukuta kiasi cha kiganja ili joto la nyuma lipate pa kutokea, isiwe jirani na jiko la mkaa. Ukimaliza kuihamisha iache imesimama saa chache ndipo uiwashe, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Na pitisha noti kwenye mpira wa mlango, funga, vuta. Ikitoka bila kukaza, mpira umelegea.

Mama Mbasa, Uyole

Ndaga fijo fundi wangu. Noti imekaza pande zote isipokuwa kona moja ya chini, nimeifuta kwa maji ya moto na sabuni, sasa inakaza. Kochi moja la sebuleni tumelipeleka barazani, friji imekaa pale pale lilipokuwa. Leo ni asubuhi ya tatu. Usiku nimeisikia mota ikiwaka na kupumzika. Sarafu iko juu ya barafu. Nimeiacha humo humo, na basi la kesho linaniletea kilo sita.