Petroli yenye ethanoli kwenye mashine ya boti

Mvuvi wa Ziwani: Ndugu zangu, naishi Minnesota, Marekani, na nina mashine ya boti ya zamani yenye kabureta, ambayo baada ya majira ya baridi imegoma kuwaka. Je, petroli ya E10, yaani yenye ethanoli (aina ya alkoholi) hadi asilimia 10, ndiyo iliyoiharibu?

Fundi wa Gati: Pole, ndugu. E10 inakubalika kwa mashine nyingi, lakini ethanoli hunyonya maji, na maji yakizidi hujitenga pamoja nayo na kutuama chini ya tangi, palepale mafuta yanapovutwa. Petroli iliyolala miezi mingi nayo huacha utando unaonata katika vijitundu vya kabureta. Mwaga mafuta hayo, safisha kabureta, kisha ufunge chujio la kutenganisha maji la mikroni 10.

Nahodha Mstaafu: E15, yaani yenye ethanoli hadi asilimia 15, ndiyo marufuku kabisa kwa mashine za boti huko Marekani. Minnesota huuzwa petroli isiyo na ethanoli inayoruhusiwa kwa boti. Bei yake inauma, ingawa kabureta mpya inauma zaidi.

Mvuvi wa Ziwani: Ahsanteni. Nimeyamimina mafuta katika chupa, na kweli yamejigawa matabaka mawili.