Mjadala: Anayesifia nyumba ya wageni kwa kamisheni abainishe wapi, na kwa lugha gani?

Suala lililo mbele yetu ni hili: mtu wa Lamu anarekodi video ya kusifia nyumba ya wageni, kisha anaweka kiungo ambacho mtazamaji akikifuata na kulipia chumba, yeye hupata asilimia fulani. Je, ana wajibu wa kulisema hilo kabla ya kusifia? Ndugu aliyetangulia kuchangia anasema hana, kwa kuwa mgeni haongezewi bei, na kwa kuwa dalali amekuwapo gatini kwetu tangu zamani bila ya kutangaza ujira wake. Naiheshimu hoja hiyo, maana na mimi nilikuwa nikiishikilia, lakini leo siikubali.

Dalali wa gatini hujulikana kuwa ni dalali. Mgeni akishuka kutoka kwenye boti ya Mokowe, kijana akampokea mzigo na kumwambia kuwa Shela kuna nyumba nzuri, mgeni huelewa papo hapo kwamba kijana atalipwa na mwenye nyumba. Kule kusimama kwake pale kumekwisha kubainisha. Lakini anayezungumza akiwa ameketi kwenye baraza ya nyumba hiyo, kikombe cha kahawa mkononi, akasema kwamba hapo ndipo anapowaleta jamaa zake, amejiweka katika nafasi ya ndugu, na neno la ndugu halipimwi kwa mizani ya dalali.

Mwaka juzi nilipendekeza nyumba moja kwa kiungo cha namna hiyo, na binti ya mjomba wangu akatoka Mombasa akaenda kukaa humo siku nne, maji ya bomba yakiwa ya chumvi na jenereta haiwashwi umeme ukikatika. Nyumba ya pili yake, ambayo najua ni bora, sikuitaja, kwa sababu haikuwamo katika mtandao ulionilipa. Sikusema uongo hata neno moja. Hata hivyo kamisheni ndiyo iliyonichagulia cha kusema na cha kunyamazia, na yeye hakuwa na njia ya kulijua hilo.

Wenzetu wa nje wamelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Amazon, duka la mtandaoni lililoanza mpango wake wa viungo vya kamisheni mwaka 1996, humlazimu kila mshirika atamke wazi kwamba hulipwa kutokana na manunuzi. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, ambayo miongozo yake ya mwaka 2009 iliwataja wanablogu na ikarekebishwa tena mwaka 2023, inataka tamko liwe karibu na sifa yenyewe, na kama sifa imo ndani ya video, basi tamko nalo liwe ndani ya video, lisiachwe kwenye maelezo ya chini yake. Tume hiyo pia inataka tamko liwe kwa lugha ileile ya sifa.

Hapo kwenye lugha ndipo ninapotaka tukae zaidi. Wengi wetu husifia kwa Kiswahili fasaha, kisha mwishoni tukabandika neno moja la Kiingereza lenye alama ya reli (#) mbele yake, na kuhesabu kwamba tumekwisha kutimiza wajibu. Mama wa Faza anayemtafutia mwanawe chumba cha kukaa Malindi hatalielewa neno hilo. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa na huduma, na habari isiyoeleweka kwake haijamfikia. Napendekeza sentensi hii, itamkwe mwanzo kabisa: "Mwenye nyumba hii atanilipa mkilipia chumba kupitia kiungo changu." Chuoni, katika masomo ya dini, tulisomeshwa kwamba muuzaji hubainisha aibu, yaani kasoro, ya bidhaa kabla ya mkataba, wala si baada yake.

Limebaki jambo ambalo ningependa wachangiaji walijibu. Aliyelazwa bure siku mbili bila ya kamisheni yoyote, kisha akasifia, je, naye aseme? Mimi naona aseme, kwa sababu malazi ya bure nayo ni malipo, ila najua wenye nyumba wengi wa Shela huyahesabu kuwa ni ukarimu tu, na ningetaka kuzisikia hoja zao.