Chai ya maziwa inamsumbua kijana wa kidato cha pili, ale nini?

Mama Tunu: Habarini wadau. Kijana akinywa chai ya maziwa asubuhi, baada ya saa moja hivi tumbo linajaa gesi, kisha anaharisha. Sasa ameisusa, anashindia soda na mandazi. Nianzie wapi?

Lishe Kwanza: Pole, dada. Huenda mwili haumeng'enyi laktosi, sukari ya maziwa. Aache maziwa wiki 2, aiskrimu pia. Akitulia, mpe nusu kikombe pamoja na chakula, halafu ongeza taratibu. Kikombe cha mililita 250 kina takriban gramu 12 za laktosi, na wengi huzimudu wakishiba. Wanaoumia zaidi hunywa tumbo likiwa tupu. Kuchemsha maziwa hakuondoi laktosi!

Jiko la Pwani: Mjaribishe mtindi, bakteria wake wameshapunguza laktosi. Ila kijana anahitaji kalsiamu, madini ya mifupa, miligramu 1,300 kwa siku, kwa hiyo pika dagaa wanaoliwa pamoja na miiba yao. Sukuma wiki ni bora kuliko mchicha hapa, maana oksalati, kemikali ya asili iliyomo kwenye mchicha, huzuia kalsiamu isifyonzwe. Asubuhi mpe uji, viazi vitamu na yai. Na mwache achague mwenyewe, akilazimishwa atarudi kwenye soda.

Dada Afya: Akivimba midomo, akitoka vipele au akibanwa pumzi, hiyo ni mzio: hospitali mara moja. Damu kwenye choo au kupungua uzito pia kunahitaji daktari.