Mjadala: Nidhamu ya mtaji haimpi mtu ushindi kwenye kubeti

Wakuu, kuna kauli nimeisikia mara nyingi mno, na kila nikiisikia inaniuma: "Tatizo lako si mechi unazochagua, ni nidhamu ya mtaji. Weka asilimia 2 ya mtaji kila mara, usifukuzie hasara, utaona." Upande wa pili wapo wanaosema dau si kitu, ukiwa na jicho la mpira pesa inakuja yenyewe. Mimi niko na wanaotanguliza upenyo, yaani kuona pale ambapo odi, ile namba ambayo dau lako linazidishwa nayo ukipatia, imewekwa kubwa kuliko inavyostahili. Ila hata wenzangu wa upande huu wana mahali wanajidanganya, nitafika huko.

Nianze na daftari. Ndugu yangu mmoja aliniletea lake, limepigwa mistari kwa rula: tarehe, mechi, odi, dau, matokeo, salio. Alianza na mtaji wa 100, dau 2 kila mara, odi 1.90, mechi moja moja bila kuunganisha. Mechi 300, na hakuna ukurasa hata mmoja ambapo alipandisha dau kwa hasira. Alipatia 154, akakosa 146. Yaani alipatia nyingi kuliko alizokosa, na salio mstari wa mwisho linasomeka 85.20. Akaniuliza amekosea wapi. Nililipitia lile daftari jioni nzima, na kwenye nidhamu hakukosea popote.

Kosa liko kwenye bei. Mechi ambayo pande mbili zina nafasi sawa inastahili odi 2.00 kila upande. Kampuni inakupa 1.90 huku na 1.90 kule. Gawanya 1 kwa 1.90, unapata asilimia 52.6, jumlisha pande zote mbili, inafika 105.3. Hiyo ziada juu ya 100 ni makato ya kampuni, na unayalipa hata siku unayoshinda. Kwa odi hizo, anayepatia chini ya asilimia 52.6 anapoteza, apange dau lake atakavyopanga. Ndugu yangu alipatia 51.3. Mkeka, yaani kuunganisha mechi tano za namna hiyo kwenye dau moja, ndio mbaya zaidi: unalipwa kama mara 24.8 kwa kitu kilichostahili mara 32, kwa sababu makato yanazidishwa mechi kwa mechi.

Kuhusu kudabo dau kila ukikosa, sitakaa sana. Ukianza na 1 ukakosa mara kumi mfululizo, umeshatoa 1,023. Dau la kumi na moja ni 1,024, na hata likipata kwa odi 2.00, faida yako yote ni 1.

Watetezi wa mtaji hupenda kumtaja John Kelly, mtafiti wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya Marekani, aliyechapisha kanuni yake ya dau mwaka 1956. Sawa, tuifanyie hesabu. Unazidisha uwezekano wa kushinda kwa faida ya odi, unatoa uwezekano wa kukosa, kisha unagawanya kwa faida ileile ya odi. Kwa odi 1.90, faida ni 0.90. Ukiwa na uwezekano wa kweli wa asilimia 55, jibu ni asilimia 5 ya mtaji. Sasa weka asilimia 50: jibu linatoka hasi. Hapo kanuni haikuambii upunguze dau hadi asilimia 2 au 1, inakuambia usiweke kabisa. Kabla ya kukupangia dau, imeshakuuliza upenyo wako uko wapi.

Sasa upande wangu. Mwenye upenyo wa kweli, yule wa asilimia 55, akiweka moja ya tano ya mtaji kila mechi, mtaji wake utayeyuka mechi zikiwa nyingi, ingawa anachagua vizuri. Na hata akiweka dau dogo lililo sawa, baada ya mechi 300 bado kuna nafasi ya karibu moja kati ya tano awe kwenye hasara kwa bahati mbaya tu. Hapo mtaji una kazi yake halali: kumfikisha mechi ya 1,000 akiwa bado na pesa. Ila kazi yake inaishia hapo. Ukimpa nidhamu hiyohiyo mtu asiye na upenyo, kinachobadilika ni siku atakayoishiwa.

Kinachonikera hasa ni lawama. Mtu anapoteza, anaambiwa ni tamaa yake, ni hasira zake, arudi ajipange upya. Anarudi na daftari jipya, anaweka tena, akiamini kasoro iko ndani yake, wakati bei aliyouziwa haijaguswa na mtu. Wengi wetu hatuna upenyo wowote, na jibu sahihi la dau letu ni sifuri. Nalisema nikijua halipendezi.

Anayesema ninakosea, naomba alete jambo moja: odi alizochukua kwenye mechi zake 200 za mwisho, zikiwa kando ya odi za dakika ya mwisho kabla mpira haujaanza. Kama mara nyingi yeye alichukua kubwa na baadaye zikashuka, hapo kuna dalili ya upenyo, na tuanze kuzungumzia dau lake. Kama hana rekodi hiyo, anieleze hizo asilimia 2 anazilinda kwa ajili gani.