Tenki limekwaruzwa kwenye lori la viazi: nitengeneze mwenyewe au niende kwa fundi rangi?

mtu_wa_isyesye

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa mwenye uzoefu na rangi za pikipiki.

Nina Boxer nyekundu, kaka yangu kanitumia kutoka Njombe. Ilipandishwa kwenye lori la viazi, ikafungwa kamba pembeni ya magunia, tukahakikishiwa itafika salama. Nimeipokea Uyole usiku. Asubuhi naitazama nje, roho ikaniuma. Upande wa kushoto wa tenki umejaa michirizi midogomidogo, ile inayoonekana jua likipiga. Chini yake, pale goti linapokaa, kuna mkwaruzo wa urefu wa kidole uliofika kwenye bati, na kutu imeshaanza. Saidi kava ya upande huohuo imechubuka kwenye kona. Nampigia mwenye lori, ananiambia hayo ni mambo ya safari, nishukuru Mungu mzigo umefika.

Fundi mmoja hapa mjini anasema dawa ni kupiga rangi tenki zima na kava zote mbili, kisha stika mpya. Hela aliyoitaja nafunga tairi mbili na cheni, na chenji inabaki. Kwa hiyo nataka nijaribu mwenyewe. Mwanjelwa nimeona makopo ya kupuliza, na mekundu yapo. Nikipuliza juu ya hiyo michirizi itakubali? Na huu ubaridi wa mwezi wa saba hautaharibu kazi?

dogo_mafiati

Michirizi midogo paka dawa ya meno nyeupe, sugua na kitambaa laini, futa. Huo uliofika kwenye bati muombe shemeji rangi ya kucha nyekundu, ziba, maisha yaendelee. Pikipiki ya kazi hiyo bwana, siyo ya kubebea bibi harusi.

babu_msasa

Kijana wa Isyesye, kopo liache dukani kwanza. Osha hilo tenki kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, likauke, halafu pitisha ukucha kwa kukatisha mchirizi. Ukucha ukiteleza bila kukwama, umekwaruzika klia tu, yaani lile tabaka angavu la juu, rangi ya chini ni nzima. Mahali hapo hapahitaji rangi, panahitaji kusuguliwa. Ukipuliza kopo juu yake unafunika kitu kizima kwa kitu dhaifu, na baka litaonekana kutoka ng'ambo ya barabara, maana nyekundu ya kopo na nyekundu ya kiwandani iliyokwisha kupigwa na jua hazifanani hata kidogo.

Nimepuliza rangi hapa Mbeya tangu enzi ambazo pikipiki zilikuwa za mapadri na mabwana shamba. Wateja wengi waliokuja kutaka tenki zima lipigwe upya walikuwa wanahitaji kompaundi, ile dawa ya kusugulia na kung'arisha rangi, na mikono yenye subira. Fundi anayekimbilia kupiga lote hakudanganyi kwamba litapendeza, ila kwake ni rahisi zaidi kupuliza tenki zima kuliko kuhangaika na sehemu ndogo, na gharama unaibeba wewe.

Dawa ya meno ya dogo wa Mafiati inafanya kazi kidogo, kwa sababu ina chembechembe za kusugua. Kwa mchirizi mwepesi sana sawa, lakini kompaundi ya dukani inakata vizuri zaidi na kwa usawa. Jaribu sehemu ndogo uangalie kitambaa. Kikitoka na wekundu, ujue hapo hakuna klia, unakula rangi yenyewe. Sugua kidogo sana kisha acha. Kikitoka bila rangi, endelea kwa raha. Ukikuta mchirizi mmojammoja unagoma, chukua msasa wa maji namba 2000, uloweke, weka tone la sabuni, pitisha kidogo mpaka pafifie, ndipo kompaundi irudishe mng'ao. Kingo za tenki na pale stika inapoanzia usiziguse kwa msasa. Kwenye kingo klia huwa nyembamba, unatoboa kabla hujajua.

Sasa kwenye bati, ambapo ndipo penye kazi. Rangi ya kucha juu ya kutu ni kuifunika blanketi: kutu inaendelea kutambaa chini ya rangi nzima, na mvua za mwezi wa kumi na moja zikianza utaona malengelenge pembeni ya ulipoziba. Kunja kipande kidogo cha msasa namba 400, sugua ndani ya mkwaruzo tu mpaka bati ling'ae, ukifuatilia hasa pembezoni. Kisha lainisha kingo kwa 600 ili zishuke taratibu. Funga macho, pitisha kidole. Ukisikia ngazi, bado. Futa vumbi, futa mafuta kwa spiriti na kitambaa safi. Usitumie thina, itakulainishia rangi ya kiwandani. Ukishafuta usipashike tena kwa mkono, na usiache bati wazi lilale usiku kucha. Kwa umande wa huku, asubuhi utaanza upya.

Kwa mkwaruzo wa kidole kimoja huhitaji kupuliza kabisa. Tikisa kopo vizuri, puliza rangi kidogo kwenye kifuniko chake, na uichote kwa kijiti cha meno. Praima kwanza, yaani rangi ya chini ya kushikiza, mkono mwembamba, ikauke. Tafuta praima nyeupe au ya kijivu cheupe, kwa sababu nyekundu haifuniki vizuri na juu ya praima nyeusi itatoka imefifia. Halafu rangi: gusisha ncha ya kijiti katikati ya mkwaruzo, tone lenyewe litakimbilia pembeni. Usipake kama unayepaka ukuta. Tone likikauka linashuka, unaongeza jingine juu, mpaka rangi isimame juu kidogo kuliko rangi ya zamani. Hapo iache siku kadhaa. Ikishakaza, zungushia msasa wa 2000 kwenye kifutio cha mwanafunzi, loweka, kata kile kilichozidi mpaka kilingane, malizia na kompaundi. Ukisimama hatua mbili huoni kitu. Ukiinama utaona, na hilo likubali.

Kuhusu baridi. Baridi inachelewesha tu rangi kukauka. Kinachoiharibu ni unyevu. Thina inapopaa kutoka kwenye rangi inapoza bati, na bati likipoa kuliko hewa yenye unyevu linashika umande, ndipo rangi inatoka na ukungu mweupe. Kwa mwezi huu anza saa nne, jua likishapasha bati, na saa nane uwe umemaliza. Kopo likiwa la baridi linatema matone makubwa. Liweke dakika chache kwenye maji ya uvuguvugu. Maji ya moto hapana, na jikoni usilisogeze kabisa. Makopo hayo hayatakiwi kupita nyuzi 50.

dada_wa_mafinga

Shikamoo babu. Ile ya kijiti na kifutio nimeifanya kwenye tenki langu jeusi na imekubali kabisa. Nyeusi isiyo na chengachenga nadhani inasamehe.

Swali langu ni plastiki. Madigadi yangu ya mbele nilipuliza, rangi ikatoka kwa maganda nilipoosha kwa mashine ya presha. Na huyu kaka ana kava ya plastiki pia. Kuna ujanja gani?

babu_msasa

Marahaba mwanangu. Hapo kwenye nyeusi umesema kweli. Bluu na fedha zenye chengachenga kwa kijiti zinatoka na doa jeusi, maana chengachenga zinalala ovyo. Hizo ndizo ninazomwambia mtu aende kwa fundi.

Plastiki zina ukoo. Geuza hiyo madigadi uangalie kwa ndani, nyingi zimeandikwa herufi. Ukikuta ABS, hiyo inashika rangi vizuri ukiisugua na kuifuta. Ukikuta PP, ina ulaini kama mafuta, rangi ya kawaida haiishiki, lazima ianze praima ya plastiki. Kama maandishi yamefutika na una kipande kilichovunjika, kitupe kwenye beseni la maji: PP inaelea, ABS inazama. Madigadi nyingi nyeusi ni PP na hazikupakwa rangi kiwandani, weusi uko ndani ya plastiki yenyewe. Hiyo yako ing'oe rangi yote uiache ilivyozaliwa.

Kava ya kijana, kama ni ABS, mtindo wa kijiti unatosha. Kona ikiwa imechubuka eneo kubwa, hapo puliza, lakini fungua kava kwenye pikipiki na upulizie mpaka mwisho wa kava nzima, usiishie katikati.

dogo_mafiati

Babu umeua. Ila kompaundi, misasa ya aina tatu, praima, kopo, spiriti… si tunarudi kwenye hela ya fundi?

babu_msasa

Msasa unauzwa karatasi mojamoja, kata vipande. Kompaundi nunueni watu wa kijiwe kimoja, itawatosha wote.

mtu_wa_isyesye

Ndaga fijo mzee. Nimepitisha ukucha, michirizi yote midogo unateleza isipokuwa miwili. Kava nyuma imeandikwa ABS. Nimebakiza maswali matatu: nishushe tenki au nifanyie palepale kwenye pikipiki? Klia ya kopo niweke juu? Na nikibadilisha likawa jeusi lote kama la dada wa Mafinga?

babu_msasa

Kwa kazi ya kijiti liache palepale, lisimamishe kwa stendi kubwa, funika injini na gazeti. Ukilishusha, funga koki, toa mpira wa petroli, na ujue tenki tupu bado lina mvuke wa petroli. Usilifanyie kazi ndani karibu na jiko la mkaa, hata kama vidole vimeganda.

Klia ya kopo ya kawaida hailipendi tone la petroli, inalainika na kunata. Kwako mkwaruzo uko pembeni, mbali na mfuniko, kwa hiyo unaweza kuweka tone juu ya rangi, na kituoni mwambie anayejaza asimwage. Klia yenye hadina, ile dawa ya kuikazia, ndiyo inayohimili, ila moshi wake ni mbaya kwa mapafu na kitambaa cha puani hakiuzuii, hiyo waachie wenye barakoa zake.

Kulifanya jeusi lote: kadi ya pikipiki imeandikwa rangi. Ukibadilisha, uende na TRA wakurekebishie kadi, la sivyo trafiki wa pale Mafiati atakuwa na la kukuuliza. Kwa mkwaruzo mmoja sioni sababu. Anza na ile miwili iliyokwama ukucha, Jumamosi jua likitoka.