Kuna mtu leo kanifunua ukosi mbele ya sahani yangu, eti "thelathini na moja"

Beki Tatu wa Kike:

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika mkono unatetemeka, mkiona herufi imeruka msinisahihishe, leo sitaki mwalimu.

Mnamjua. Simtaji, lakini mnamjua. Yule ambaye hajawahi kupiga hata mpira wa makaratasi ila akikaa kijiweni anapanga kikosi cha Brazil. Yule aliyetuambia humu kwamba ofsaidi ilibuniwa ili makipa wapate muda wa kunywa maji. Huyohuyo.

Leo saa saba mchana nimeenda zangu kwa mama lishe, nimevaa jezi yangu ya bluu ya Samoa, wale wa visiwa vya Pasifiki. Hii jezi sikuiokota. Nimeitoa mitumba ya Karume, nimebishana na muuzaji mpaka akaniuliza kama sina kwetu, nimeifua mara tatu ndiyo harufu ya bero ikatoka. Kuivaa tu bila kuwajua wenyewe nikaona aibu, nikaanza kuifuatilia timu yao ya taifa ya wanawake. Wao wako mbele yetu kwa saa kumi. Mechi ikianza kwao Apia saa kumi jioni, mimi huku ni saa kumi na mbili asubuhi, nimejifunika shuka na simu, nashangilia kimyakimya nisiamshe nyumba. Yaani nimewalipia kwa usingizi wangu.

Basi sahani imefika. Wali, maharage, kipande cha kibua. Nimetia tonge la kwanza. Yule bwana katokea nyuma. Hakusalimu. Hata "habari ya mchana" hakuna. Akanishika ukosi, AKAUFUNUA, akasoma lebo ya ndani kama anayekagua meno ya mbuzi wa Idi. Halafu akawageukia watu, na ile sauti yake ya kutangaza misiba: "Samoa! Hao si ndio waliopigwa thelathini na moja?"

Wakuu, watu walicheka. Bodaboda wa ng'ambo ya barabara, ambao hawakusikia lolote, walicheka kwa kuona wenzao wanacheka. Mama lishe, mwanamke mwenzangu, ninayemlipa bila kukopa, ALIWEKA MWIKO CHINI ili acheke vizuri.

Mimi sikujibu. Nilikuwa na wali mdomoni.

Sasa najibu hapa. Ile ya magoli 31 ni ya WANAUME. Na si Samoa, ni Samoa ya Marekani, wale wa Pago Pago. Ni 2001 kule Coffs Harbour, Australia wakawafanyia watoto wa watu ule unyama, mtu mmoja Archie Thompson kafunga 13 peke yake mpaka ubao wa matokeo ukapoteza hesabu ukaandika 32. Na wale walifika pale wachezaji wao wengi wamezuiwa kwa sababu ya pasipoti, wakajaza vijana, wengine wa miaka 15. Kwenye mashindano hayohayo Samoa yenyewe iliwafunga hao jirani zake 8-0! Kwa hiyo katika maneno manane yule bwana kakosea jinsia, kakosea nchi, na mkono wake bado uko kwenye ukosi wangu.

Hizo nchi hata siku haziendi pamoja. Desemba 2011 Samoa waliiruka tarehe 30, wakalala Alhamisi wakaamka Jumamosi. Leo Apia ikiwa Jumapili watu wako kanisani, Pago Pago ni Jumamosi wanafua. Watu hawajakubaliana leo ni lini, wewe unawaweka kwenye jezi moja?

Na hawa wanawake unaowacheka wana medali ya fedha ya Michezo ya Pasifiki ya 2019, kwao Apia, fainali walifungwa 3-1 na Papua New Guinea, ambao dhahabu ile wameifanya ya ukoo. Nchi ya watu kama laki mbili. Temeke peke yake inawameza mara kadhaa, na hao wenyewe roho yao iko kwenye raga. Yule bwana ana medali gani? Ya kufunua kosi za watu?

Thelathini na moja. Mbele ya wali wangu.

Fundi Bomba: Nimekaa paleee. Tuwekee picha ya jezi.

ChapatiMbili: Pole dada. Huyo bwana ndiye aliyemwambia mjomba wangu kwamba kipara kinatokana na kushabikia timu mbili. Ni yeye, simtaji.

Shemeji wa Tabora: Mimi sijaelewa kitu kimoja. Kwa nini hukujibu palepale?

Beki Tatu wa Kike: Nimesema NILIKUWA NA WALI MDOMONI.

Shemeji wa Tabora: Ungemeza.

Beki Tatu wa Kike: Shemeji, umewahi kumeza wali mtu kakushika ukosi?

Wakili Pori: Mleta uzi, pole sana, nasimama na wewe. Ila kabla ya kusimama nimechungulia kidogo kumbukumbu. Tarehe 9 Oktoba 1998, Auckland. Wanawake. Samoa yako hiyohiyo, ya Apia, si ya Pago Pago. New Zealand 21, Samoa 0. Na siku hiyohiyo, mji huohuo, Australia wakawapiga wale wa Pago Pago nao 21-0. Kwa hiyo kiuadilifu yule bwana kakosea magoli kumi tu.

Fundi Bomba: 😂😂😂 Magoli kumi tu. Uzi ufungwe.

Mzee wa Kona: Yaani Samoa mbili, siku moja, ishirini na moja ishirini na moja. Hiyo si mechi, ni bei ya jumla.

Beki Tatu wa Kike: Wakili, nani kakuita? 1998 mimi nilikuwa nanyonya. Na 21 si 31. Mtu akikudai elfu ishirini na moja ukampa thelathini na moja utakubali? Halafu kosa si namba, kosa ni UKOSI. Angeniambia 21 kwa adabu, amekaa chini, kasalimia, ningemwambia kweli, na baada ya miaka 21 wakacheza fainali. Ona hiyo hesabu. Magoli 21, miaka 21.

Wakili Pori: Hiyo hesabu ni nzuri. Ungeisema pale.

ChapatiMbili: Alikuwa na wali.

Nyayo za Gikomba: Salamu kutoka Nairobi. Samoa sisi tunawajua vizuri sana, lakini si kwa kandanda. Hao ni watu wa raga ya saba kila upande, mwaka 2010 walibeba taji la msururu wa dunia. Mimi jezi yangu ni ya Fiji, nimeivaa juzi kwa matatu, makanga akaniambia "mzee wa visiwa, nauli ya meli ni mara mbili." Abiria wote wakacheka. Alinirudishia chenji pungufu ya shilingi ishirini na nikashindwa kuidai kwa sababu ya aibu. Sasa linganisha na hiyo yako, wewe angalau ulikula.

Beki Tatu wa Kike: Sikula! Nilibakisha samaki!

Fundi Bomba: Samaki aliliwa na nani?

Beki Tatu wa Kike: Sijui. Niliondoka.

Fundi Bomba: Basi uchunguzi uanzie hapo.

Nyayo za Gikomba: Na kwa kuwa mmetaja Pasifiki, niwakumbushe Singapore 2016, fainali, Kenya ilimfunga Fiji. Fiji, wenye raga yao. Sina la kuongeza.

Mzee wa Kona: Mkenya akiona uzi wowote lazima apite na Singapore. Juzi uzi ulikuwa wa mabomba ya maji, akapita na Singapore.

Mswahili wa Kusini: Dada, mimi niko Auckland na jirani zangu ukuta kwa ukuta ni Wasamoa. Nimewasomea uzi wako. Mama wa nyumba ile hakucheka hata kidogo, ameniuliza huyo bwana ni mtoto wa nani. Kwao kumshika mtu shingoni na ugomvi wa kuuana havijapishana sana. Binti yake anacheza mpira, kanena kwamba tatizo lao kubwa ni kwamba wakitoka visiwani kila safari ni ya ndege na bahari, na tangu Australia wahamie Asia 2006, mlangoni kabaki New Zealand peke yake amekaa na fimbo. Apia hapohapo, Februari 2024, kugombea Olimpiki, New Zealand aliwafunga Solomon Islands 11-0. Fainali hiyo! Kisiwa kidogo cha Pasifiki hakikuwahi kuonekana Kombe la Dunia la wanawake mpaka lile la 2023 linaisha.

Ila na mimi nina langu. Hawa jirani kila Jumapili wanapika kwa mawe ya moto, wananiletea magimbi na majani yake yaliyopikwa kwa tui la nazi, matamu kama kisamvu cha nyumbani kabisa. Wiki iliyopita hawakuleta. Wiki nzima sijui nimewakosea nini. Kuuliza naona haya.

Bi Mkubwa wa Pangani: Mwanangu wa Auckland, kisamvu hakifanani na majani ya magimbi. Majani ya magimbi yasipoiva vizuri yanawasha koo. Acha kulinganisha usivyovijua. Na hao jirani hawana kosa, wewe sahani yao uliirudisha na nini ndani?

Mswahili wa Kusini: Niliirudisha safi, nimeiosha.

Bi Mkubwa wa Pangani: TUPU?

Mswahili wa Kusini: Ndiyo, shikamoo bibi.

Bi Mkubwa wa Pangani: Marahaba. Basi umejijibu. Sahani ya jirani hairudi tupu hata kama iko mwisho wa dunia.

ChapatiMbili: Mimi jirani yangu ana bakuli langu tangu mfungo wa mwaka juzi. Kila nikipita naliona limewekewa chakula cha kuku.

Beki Tatu wa Kike: Jamani, tulikuwa kwenye 31.

Mpenda Haki: Habari za jioni. Mimi ni mgeni humu, nimejiunga leo. Huyo bwana simjui kabisa, ila kwa maelezo anaonekana ni mtu mwenye uelewa mpana wa soka, pengine alikuwa anafanya utani wa kawaida tu na watu wakaukuza. Tusihukumu upande mmoja. Kwanza jezi yenyewe ni ya watoto, imeandikwa kabisa miaka 13 mpaka 14.

Wakili Pori: Ngoja.

Fundi Bomba: NGOJA KWANZA.

Wakili Pori: Mleta uzi, hiyo ya miaka 13-14 umeiandika wapi? Nimesoma uzi mara mbili sijaiona.

Beki Tatu wa Kike: Sijaiandika popote. Iko NDANI YA UKOSI.

Mzee wa Kona: 😂😂😂😂 Mgeni karibu sana. Umejiunga leo na umeshafika nyumbani.

ChapatiMbili: Mpenda Haki, mjomba wangu anakusalimia. Kipara hakijaota.

Mpenda Haki: Nimekisia tu kutokana na jezi za mitumba kwa jumla.

Fundi Bomba: Kisia na samaki alikwenda wapi.

Mpenda Haki: Samaki yule alikuwa ameachwa.

Beki Tatu wa Kike: KIBUA WANGU!!! Wakuu mmeona? Kanifunua ukosi, kaniambia thelathini na moja ambayo hata si ya kwangu, na KAMLA SAMAKI! Nataka aombe radhi hapahapa, aandike: "Samoa si Samoa ya Marekani." Mara 31.

Wakili Pori: Mara 21. Tuwe wakweli.

Shemeji wa Tabora: Lakini dada, miaka 13 mpaka 14 inakutosha vipi? Wewe si unacheza beki?

Beki Tatu wa Kike: Jezi za kisiwa kile ni pana! Watu wa kule wana mabega! Hiyo siyo hoja!

Nyayo za Gikomba: Kwa mabega hapo kasema ukweli. Mnawakumbuka kwenye raga? Singapore 2016

Mzee wa Kona: Anaanza.

Shemeji wa Tabora: Basi mtoto wangu wa kwanza ana miaka 13 na anataka jezi ya bluu, ya timu yoyote, shule yao rangi ni bluu. Karume pale kwa nani?

Beki Tatu wa Kike: Tutaongea. Kwanza Mpenda Haki yuko wapi?

Fundi Bomba: Katoka kwenye mtandao. Anakagua lebo kwingine.

Bi Mkubwa wa Pangani: Kibua huyo alikaangwa au wa mchuzi?

ChapatiMbili: Kwa mama lishe yule ni wa kukaanga, nazi anaweka kwenye maharage. Ila siku hizi maharage yake yamekuwa maji, unayaona yanaogelea. Nilitaka nifungue uzi wake mwenyewe.

Mzee wa Kona: Fungua. Na mimi nina ya chapati zake, zimekuwa nyembamba unaona mtu wa upande wa pili.

Shemeji wa Tabora: Hakuna aliyenijibu. Bero za michezo zinafunguliwa siku gani?

Mswahili wa Kusini: Bibi, nimewapelekea vitumbua. Wamefurahi. Wamerudisha sahani na kuku mzima.

Bi Mkubwa wa Pangani: Nilikwambia nini.

Beki Tatu wa Kike: Kwa hiyo 31 ndiyo imepita hivihivi?

Fundi Bomba: Shemeji, Jumanne. Wahi saa kumi na mbili, ukichelewa utakuta za wakubwa tu.