Mafundi, acheni kuua kontrol boksi (kompyuta ya injini) ambazo hamjazipima!

Wakuu, hili sasa limezidi. Gari likigoma kuwaka na mashine ya kupima ikikataa kusoma, hukumu inatoka hapo hapo: "Kontrol boksi limekufa, tafuta lingine." Mita haijatoka mfukoni, hakuna fyuzi hata moja iliyochomolewa, mchoro wa waya wa gari husika haujafunguliwa. Boksi ndicho kifaa ghali na ni miongoni mwa vifaa visivyokufa ovyo, lakini ndicho kinachosingiziwa kwanza!

Fungua swichi bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi isipowaka kabisa, shuku kwanza kwamba boksi halipati umeme au ethi (njia ya kurudi hasi ya betri). Mashine ya kupima yenyewe isipowaka, angalia pini 16 ya soketi ya OBD (inapochomekwa mashine hiyo), ndiyo inayoilisha umeme wa betri. Pini 4 na 5 ni ethi. Kwenye magari mengi pini 16 inashea fyuzi na soketi ya kiberiti. Fyuzi ile ikikatika, boksi lina kosa gani?

Halafu rilei kuu (swichi ya umeme inayolisha mfumo wa injini). Pointi zake zikiungua, boksi, nozeli za mafuta na koili za plagi vyote vinaweza kukosa umeme kwa pamoja, na gari litazungusha stata hadi betri iishe.

Na tafadhali, mita peke yake haitoshi. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utakuonyesha volti 12 safi, kwa sababu mita hainyonyi mkondo. Chomoa soketi ya boksi, chukua balbu ya breki ya wati 21, iunge kati ya pini ya umeme na pini ya ethi za soketi hiyo. Iwake kwa ukali ule ule inaoutoa ikiwa kwenye betri. Ikififia, tatizo liko kwenye njia. (Balbu hiyo isiguse waya wa sensa kamwe, utaua boksi kweli.)

Ethi nayo hupimwa ikiwa kazini: boksi limechomekwa, ncha moja ya mita kwenye pini ya ethi, nyingine kwenye hasi ya betri, mwenzako anapiga stata. Ikizidi volti 0.1, kasafishe ethi kwenye bloku ya injini na bodi ya gari. Papo hapo angalia betri: iliyojaa husoma kama 12.6 ikiwa imetulia, na ikishuka chini ya 9.6 wakati wa stata, baadhi ya maboksi hujizima na kuanza upya. Kodi ya hitilafu P0562 inakwambia wazi kwamba volti iko chini, lakini inafutwa bila kusomwa.

Sasa linalonikera kuliko yote: volti 5. Boksi hulisha sensa kadhaa kwa laini hiyo, mfano sensa ya throto na ya presha ya manifoldi. Sensa moja ikipiga shoti, au waya ukichubuka na kugusa injini, volti 5 inaporomoka kwa zote zilizo kwenye laini hiyo. Kodi za hitilafu zinamwagika kwa mpigo, na kwenye baadhi ya magari boksi linakataa hata kuongea na mashine. Hapo ndipo fundi anatangaza msiba. Weka mita kwenye laini hiyo, chomoa sensa moja moja. Volti 5 ikirudi ghafla, uliyoichomoa mwisho ndiyo mbaya. Umechomoa zote na bado sifuri? Chomoa na boksi, pima kama waya umegusa ethi. Waya ukiwa mzima, hapo ndipo una haki ya kulishuku boksi.

Laini ya CAN (waya mbili ambazo maboksi ya gari huongea nazo) ni kazi ya dakika chache. Toa ncha ya betri, pima omu (ukinzani) kati ya pini 6 na 14 za soketi ya OBD. Ukipata 60, rezista mbili za 120 zipo. Ukipata 120, upande mmoja umekatika; karibu na sifuri, waya zimegusana. Magari yenye geti la mawasiliano (boksi linalokaa kati ya soketi na laini) husoma tofauti, fuata mchoro wake.

Kodi P0601 na P0606 kweli zinaelekeza ndani ya boksi. Hata hizo, rekebisha umeme na ethi, zifute, uone kama zinarudi.

Na boksi likiwa limekufa kweli, nani alilitafuta muuaji? Koili yenye shoti au nozeli iliyoshuka omu (nyingi za kawaida husoma 12 hadi 16) huunguza transista (swichi ndogo ndani ya boksi) inayoiendesha. Unafunga boksi jipya, linaungua vile vile, mteja analipa mara mbili. Boksi la gari lingine nalo linakuja na imobilaiza yake (kinga ya wizi): bila kuoanishwa na funguo, gari haliwaki, kisha utasikia "hili nalo ni bovu". Wanaopasha bodi ya saketi ya boksi kwa hewa ya moto wakiombea lifufuke, sina la kusema.

Anayebisha alete hapa volti alizopima kwenye pini za umeme, ethi na laini ya volti 5, pamoja na kodi alizosoma kabla ya kufuta.